Kutoka Fuso hadi pikapu yenye tela: mwongozo kamili kwa barabara za Mtwara na Lindi

Minada ya korosho huanza Oktoba, na ikifika Februari mzigo mkubwa umeshaondoka vijijini. Baada ya hapo mwenye Fuso wa Tandahimba au Nachingwea anabaki na gari la tani saba linalotumwa kubeba mifuko ishirini ya saruji na tangi la maji. Bima, matairi sita na dizeli havipungui kwa sababu msimu umekwisha. Ndipo wazo la pikapu na tela linapokuja: pikapu kwa safari za kila siku, tela kwa siku za mzigo.

Wazo ni zuri, lakini watu wengi huliingia kwa kuuliza swali lisilo lake: "Injini ina nguvu kiasi gani?" Karibu kila pikapu ya dizeli itaing'oa tani mbili kutoka uwanjani. Kazi ngumu ni kuzisimamisha tani hizo mbele ya matuta ya Mtama, na kuzishusha kutoka Newala bila tela kuiamrisha gari. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu zaidi uzito na breki. Injini ina nafasi ndogo humu.

Hesabu mzigo kabla ya kununua chochote

Chukua siku yako ya kazi nzito kuliko zote na uiandike kwa kilo. Gunia la korosho ghafi ni kilo 80 hivi, mfuko wa saruji kilo 50, lita elfu moja za maji ni tani moja kamili. Kisha tafuta kibati cha uzito kwenye pikapu unayoitaka (mara nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti) pamoja na kitabu cha gari. Unahitaji namba nne: uzito wa gari tupu, uzito wa juu wa gari likiwa na mzigo, uzito wa juu wa tela lenye breki, na uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Namba ya nne ndiyo inayosahaulika, na mara nyingi ndiyo inayokukatalia.

Mfano. Pikapu ina kilo 1,950 tupu bila mafuta, na kikomo chake ni 2,910. Nafasi iliyobaki ni kilo 960. Toa dereva na vijana wawili wa kupakia, 210. Toa dizeli lita 80, kilo 67 hivi. Toa jeki, vifaa na tairi ya akiba ya tela, 60. Toa chuma cha kuvutia chenyewe, 35. Toa uzito ambao mdomo wa tela utaukalisha nyuma ya gari, 150. Zimebaki kilo 438, yaani magunia matano. Tela tupu la kilo 450 likibeba magunia 18 linafika kilo 1,890. Jumla ya safari moja ni magunia 23.

Sasa linganisha: Fuso ikipakia magunia 92, tani saba na ushee, pikapu na tela itahitaji safari nne. Kama kazi yako ya kawaida ni kutoa magunia 92 kwa siku kutoka chama cha msingi hadi ghalani, baki na Fuso au Canter. Kama siku za namna hiyo ni kumi kwa mwaka, kodi gari la mtu siku hizo kumi na uhame.

Kipimo cha 750 pia kikae kichwani. Kwa pikapu nyingi tela lisilo na breki zake halitakiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake. Zile kilo 2,500 au 3,500 zinazotajwa na wauzaji ni za tela lenye breki. Tela la kuchomelea la gereji ya mtaani, lisilo na breki, likipakiwa tani moja na nusu, limezidi kikomo mara mbili hata kama gari limeandikwa 3,500.

Pikapu ya kuchagua

Chagua yenye chasisi ya reli mbili na springi za bapa nyuma. Hilux, D-Max, Ranger na Land Cruiser ya pikapu zote ziko hivyo. Yenye mlango mmoja kila upande ni nyepesi kuliko ya milango minne, na kila kilo iliyopungua kwenye bodi ni kilo ya mzigo. Jambo la pili ni umbali kati ya ekseli ya nyuma na mahali tela litakapofungwa. Umbali huo ukiwa mrefu, mdomo wa tela unakuwa na wenzo mrefu wa kuinua pua ya gari.

Ukikagua gari lililotumika, lala chini yake. Tazama reli za chasisi nyuma ya ekseli, hasa pale springi zinaponing'inia. Magari yaliyoishi Mikindani, Shangani au Lindi mjini hula chumvi, na kutu huanza ndani ya reli kabla hujaiona nje. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mzito uliokufa. Ukisikia huo, liache gari hilo hata kama bei imeshuka.

Chuma cha kuvutia na tufe lake

Kosa tunaloliona mara nyingi ni tufe (kichwa cha duara kinachoshikwa na kikombe cha mdomo wa tela) kufungwa kwenye bampa. Bampa ni bati lililoning'inizwa kwa bolti chache ili lipokee mgongano mdogo, wala halikuumbwa kuvutwa. Nguvu ya tela lazima ifike kwenye reli zote mbili za chasisi.

Nunua chuma kilichotengenezwa kwa aina ya gari lako, chenye kibati kinachoonyesha kikomo cha tela, kikomo cha uzito unaokalia tufe, na thamani ya D, yaani nguvu ya mvutano kati ya gari na tela, kwa kilonyutoni. Thamani hiyo unaikokotoa hivi: zidisha uzito wa juu wa gari kwa uzito wa juu wa tela, vyote kwa tani; gawa kwa jumla yao; zidisha kwa 9.81. Gari la tani 2.9 na tela la tani 2.0 ni 5.8 kugawa kwa 4.9, mara 9.81, yaani 11.6. Chuma kilichoandikwa D 11 hakitoshi hata kama kinaonekana kinene.

Ufungaji:

1. Safisha reli kwa brashi ya waya pale bamba litakapokaa. Rangi laini au tope likibaki katikati, bolti italegea baada ya siku chache.
2. Tumia matundu ya kiwandani. Ikibidi kutoboa, toboa ubavuni mwa reli, kamwe si ukingo wake wa juu au wa chini, na upake rangi ya kuzuia kutu ndani ya tundu.
3. Reli iliyo kama sanduku ikazwe kwa bolti zinazopita ndani ya bomba fupi la chuma. Bila bomba hilo, kukaza kunabonyeza reli na bolti haitakaa imekaza.
4. Bolti ziwe za daraja 8.8 au 10.9, namba hiyo imepigwa kichwani. Bolti isiyo na namba irudishe dukani. M12 ya 8.8 hukazwa karibu Nm 80, M16 karibu Nm 195, isipokuwa karatasi ya chuma chako imesema vingine. Tumia spana ya kupimia mkazo. Kukaza kwa bomba refu na uzito wa mwili huinyoosha bolti mpaka inapoteza nguvu.
5. Kaza tena baada ya kilomita 50 za kuvuta, na tena baada ya 1,000.

Usikubali chuma kichomelewe kwenye chasisi kwa haraka. Moto hudhoofisha chuma pembeni mwa mshono, na ufa huanzia hapohapo, milimita chache kutoka kwenye welding, mahali ambapo rangi imeufunika. Ikiwa kazi yoyote ya kuchomelea lazima ifanyike kwenye gari, ondoa kwanza nyaya za betri.

Tufe la kawaida ni la milimita 50. Matela yaliyotoka Marekani huja na vikombe vya inchi mbili, vingine vya inchi 1⅞ ambayo ni milimita 47.6. Kikombe cha 50 kikikaa juu ya tufe la 47.6 kitafunga, kitaonekana kizima, kisha kitaruka kwenye tuta la kwanza. Pima kwa kalipa, na ukikuta tufe la 50 limelika hadi 49, libadilishe. Kimo chake, gari likiwa na mzigo, kiwe kati ya sentimita 35 na 42 kutoka ardhini hadi katikati ya tufe, ili tela lilale sawa. Pikapu ndefu ya magurudumu manne huhitaji bamba la kushusha.

Minyororo miwili ya usalama ipite kwa kukingamana chini ya mkono wa tela. Kikombe kikichomoka, mkono huo unaangukia juu ya minyororo badala ya kuchoma lami.

Umeme: mtego wa volti 24

Fuso na Canter nyingi hutumia volti 24. Pikapu ni volti 12. Ukihamisha tela la zamani, balbu zake za 24 zitawaka kwa unyonge, na usiku kati ya Mnazi Mmoja na Masasi dereva wa basi nyuma yako hataziona. Badilisha balbu zote, zote kabisa. Soketi nazo hazifanani, na ukikata plagi na kuunganisha rangi kwa rangi bila kujua, waya wa ardhi unaweza kuangukia kwenye taa, kwa sababu kwenye soketi ya 24 ardhi iko pini ya 1.

Soketi ya pini saba ya volti 12 inapangwa hivi: pini 1 indiketa ya kushoto, njano, pini 2 taa ya ukungu, buluu, pini 3 ardhi, nyeupe, pini 4 indiketa ya kulia, kijani, pini 5 taa ndogo ya kulia, kahawia, pini 6 taa za breki, nyekundu, pini 7 taa ndogo ya kushoto, nyeusi.

Waya za taa ziwe za milimita za mraba 1.5, na ya ardhi 2.5. Ardhi ivutwe mpaka kwenye tela lenyewe; ikitegemea tufe, grisi na kutu vitaikata. Dalili yake inajulikana: ukikanyaga breki indiketa inawaka, au taa zote zinafifia kwa pamoja. Magari mapya yenye kompyuta yafungiwe rilei ya tela inayochukua umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi, ili balbu za tela zisivute kupitia swichi na kompyuta ya gari.

Breki za tela

Kwa matela ya tani mbili kushuka chini tunashauri breki za msukumo. Haziingiliani na umeme wala breki za gari: gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma, mkono wa mbele unaingia ndani, unavuta fimbo, fimbo inavuta kebo za breki. Kila sehemu unaiona kwa macho, na fundi wa Masasi anaweza kuirekebisha.

Kuirekebisha: inua ekseli kwa jeki na uweke stendi. Achia kabisa breki ya mkono. Zungusha gurudumu upande wa mbele huku ukikaza kirekebishi nyuma ya ngoma mpaka gurudumu ligome, kisha rudisha taratibu hadi lizunguke kwa uhuru. Fanya hivyo pande zote mbili kabla ya kugusa urefu wa fimbo. Mafundi wengi hufupisha fimbo kwanza ili breki "ishike", na matokeo yake viatu vinagusa ngoma muda wote. Ukifika unakokwenda unanusa harufu ya kuungua, grisi imeyeyuka, beringi imekwisha.

Kebo ya dharura, ile inayovuta breki tela likichomoka, ifungwe kwenye pete iliyo kwenye chuma cha kuvutia. Ukiizungushia shingo ya tufe, itatoka pamoja na kikombe na haitafanya kazi.

Breki hizi zina udhaifu mmoja unaohusu sana watu wa Nyanda za Makonde. Kwenye mteremko mrefu tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinasugua muda wote, hata ukishuka kwa gia bila kukanyaga pedali. Dawa ni mwendo mdogo tangu juu: ingia gia ya pili au ya tatu kabla mteremko haujaanza, kisha simama chini na upime kwa mkono kila hab (kitovu cha gurudumu). Ikiwa huwezi kuiacha mkono kwa sekunde tatu, subiri ipoe. Ikiwa upande mmoja ni wa moto na mwingine wa vuguvugu, breki haziko sawa, na tela litavuta upande siku utakayokanyaga kwa nguvu.

Springi, matairi na joto

Kuongeza bapa la springi au kufunga mifuko ya hewa kunainua nyuma ya gari. Hakuongezi kilo hata moja kwenye kikomo. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi ukingo wa matigadi kabla ya kuunganisha tela, kisha pima tena ukishaunganisha. Mbele ikiwa imepanda zaidi ya sentimita mbili, usukani umekuwa mwepesi na breki za mbele zimepoteza uzito. Sogeza mzigo wa tela nyuma kidogo au upunguze.

Tairi zisome ubavuni. Faharasa (namba ya uzito) 106 ni kilo 950 kwa tairi, 112 ni kilo 1,120. Tela la ekseli moja lenye tairi mbili za 195R14C 106 linabeba kilo 1,900 kwenye magurudumu, na hapo tairi zijazwe kama ubavu unavyosema, mara nyingi psi 65. Tairi ya saluni kwenye tela itapasuka kwa joto.

Mafuta ya difu yabadilishwe kila kilomita 20,000 ukivuta mara kwa mara, ya daraja GL-5. Rejeta isafishwe nje kwa maji yasiyo na kasi kubwa. Vumbi la Liwale na mbegu za nyasi huziba mapezi yake. Gia ya otomatiki ifungiwe kipooza mafuta cha ziada. Yenye klachi, kinachoiua ni kurudi nyuma mlimani na tela lenye mzigo. Ukiwa na gari la magurudumu manne tumia gia ya chini kwenye kazi hiyo, ila si kwenye lami kavu ukiwa unakata kona.

Kupakia

Uzito unaokalia tufe uwe asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote wa tela, na usizidi kibati. Kwa tela la kilo 1,890 lenga 130 hadi 150. Mizani ya bafuni inatosha: laza ubao, mwisho mmoja juu ya tofali, mwingine juu ya mizani, umbali kati ya vishikizi hivyo sentimita 90. Kalisha mdomo wa tela sentimita 30 kutoka kwenye tofali, tela likiwa sawa na magurudumu yamezuiwa. Zidisha namba ya mizani mara tatu. Ikisoma 45, una 135.

Magunia yaanzie juu ya ekseli, kisha yaongezwe zaidi mbele kuliko nyuma. Saruji na vyuma vikae chini. Tangi la maji lijazwe kabisa au liwe tupu. Tangi la nusu hutembeza uzito wake mbele na nyuma kila unapokanyaga breki.

Mdomo ukiwa mwepesi mno, tela litaanza kutikisa mkia ukifika kilomita 70 au 80 kwa saa, hasa mteremkoni au lori likikupita. Likianza, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa ghafla wala usijaribu kulifukuzia tela kwa usukani. Mwendo ukishuka litatulia lenyewe. Simama, hamisha magunia mawili mbele, na usiendelee kabla ya kufanya hivyo.

Majaribio na karatasi

Safari ya kwanza iwe na tela tupu, kilomita 20. Ya pili nusu ya mzigo. Ya tatu mzigo kamili, kwenye barabara unayoijua, mchana. Kurudi nyuma jifunze uwanjani: weka mkono chini kabisa ya usukani, na uupeleke upande unaotaka tela liende. Tela fupi hugeuka haraka kuliko refu, kwa hiyo sogea kidogokidogo.

Tela lisajiliwe TRA lipate namba yake, liwe na bima, viakisi na taa. Gari na tela lake vikizidi jumla ya kilo 3,500, jihesabu kuwa mtu wa mizani. Mfano wetu wa hapo juu unafika kilo 4,600 hivi. Weka kwenye dashibodi karatasi yenye hesabu zako zote. Inasaidia kujibu maswali bila ubishi.

Kwenye mchanga wa Msimbati au njia za ndani za Newala, shusha upepo wa tairi za pikapu hadi psi 25 na za tela hadi 35, tembea chini ya kilomita 30 kwa saa, na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Bila pampu ya upepo garini, usishushe.

Anayevuta boti

Hab inapofika ufukweni imepata moto. Ukiitumbukiza baharini hapohapo, hewa iliyo ndani inapoa ghafla, inasinyaa, na inavuta maji ya chumvi kupitia sili. Beringi huanza kulia baada ya wiki mbili tatu. Subiri dakika 30 kabla ya kuingiza tela majini. Tumia muda huo kufungua kamba na kuchomoa plagi ya taa. Ukitoa tela, lioshe kwa maji baridi ya bomba, hasa ndani ya ngoma za breki, na kila miezi mitatu fungua hab, futa grisi yote ya zamani na ujaze grisi isiyooshwa na maji. Ukiikuta imegeuka rangi ya maziwa, maji yamekwishaingia: weka sili mpya, kagua beringi chini ya mwanga, na yenye hata doa moja dogo jeusi kwenye njia ya gololi usiirudishe.